Mchemraba Haudanganyi: Somo Juu ya Nguvu ya Konkriti

Katika somo hili tutajifunza jambo ambalo vikundi vingi hulipita haraka haraka: namna ya kujua kama konkriti mliyomwaga ina nguvu kweli, au ina sura ya nguvu tu. Somo hili ni la kusomwa pamoja kikundini. Mwenye kusoma vizuri awasomee wengine, na mwisho kuna maswali ya kujadiliana.

Sisi watu wa Kitengela na Kajiado tunaishi karibu kabisa na chimbuko la simiti. Kwa miaka mingi mawe ya chokaa ya Kajiado yamechimbwa na kupelekwa Athi River, ambako simiti imekuwa ikitengenezwa tangu miaka ya 1950. Malori yenye mifuko hupita mbele ya milango yetu. Mchanga tunauona kwenye mito yetu ya msimu. Kwa hiyo kila mtu hapa anajiona mjuzi wa simiti. Lakini simiti nzuri ni kitu kimoja, na konkriti nzuri ni kitu kingine. Unga mzuri peke yake haufanyi ugali mzuri; inategemea nani ameshika mwiko.

KISA CHA JUKWAA LA TANGI

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Kitengela kiliweka akiba kwa muda mrefu mpaka kikanunua tangi la lita 10,000. Maji ya lita 10,000 yana uzito wa tani 10. Tangi lilitakiwa kukaa juu ya slabu ya konkriti, na slabu juu ya nguzo nne, kama mita tatu kutoka chini. Chini ya slabu hiyo ndipo watoto wangesimama na mitungi yao kungoja maji.

Mimi nilikuwepo siku ya kumwaga slabu. Fundi alikuwa mtu wa bidii, hilo sitalificha. Jua lilikuwa kali, upepo ulikuwa unavuma, na mchanganyiko ukawa mgumu kugeuza kwa sepetu. Vijana wakaanza kunung'unika. Fundi akasema, "Ongezeni maji, iteleze." Ukamwagwa mtungi, kisha mwingine. Konkriti ikatiririka kama uji, ikajaa kila pembe, na juu ikapigwa mwiko ikang'aa. Sote tulipiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Bahati njema, mhandisi mmoja aliyekuwa amejitolea kuwasaidia alileta visanduku sita vya chuma, akasisitiza vijazwe kutoka kwenye mchanganyiko uleule. Fundi hakufurahi. "Mama mwenyekiti," akasema, "nimejenga miaka mingi, hii iko sawa." Mwenyekiti akamjibu kwa upole, "Kama iko sawa, fundi, basi kipimo kitakusifu."

Baada ya siku 7, michemraba mitatu ikapelekwa maabara Nairobi. Jibu likawa 6. Lilitakiwa kuwa karibu 13. Baada ya siku 28, mitatu iliyobaki ikatoa 10. Ilitakiwa 20.

Nambari hizo ni za nini? Zilipatikanaje? Na kwa nini slabu iliyopendeza hivyo ikatoa nusu tu ya nguvu iliyotakiwa? Hayo ndiyo somo letu. Kwa akina mama wale tutarudi baadaye.

KONKRITI HAIKAUKI, INASHIKANA

Konkriti, ambayo vitabu vingine huiita zege, ni mchanganyiko wa vitu vinne: simiti, mchanga, kokoto na maji. Watu wengi husema konkriti "imekauka". Neno hilo linatupoteza. Tope hukauka, na likinyeshewa hurudi kuwa tope. Simiti haikauki namna hiyo. Inaungana na maji na kugeuka kitu kipya, kigumu, ambacho hakirudi nyuma. Ndiyo sababu konkriti hushikana hata chini ya maji.

Kazi hiyo huanza saa chache baada ya kuchanganya na huendelea kwa siku nyingi. Mwanzoni huenda mbio, halafu hupunguza mwendo. Kwa simiti ya kawaida, katika siku 7 konkriti hufikia karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku 28. Baada ya hapo bado huongezeka, lakini polepole. Kwa hiyo siku 28 zimechaguliwa kuwa siku ya kutoa hukumu, na siku 7 ni za kutoa onyo mapema.

KUGANDAMIZWA NA KUVUTWA

Kitu huweza kuelemewa kwa njia nyingi, lakini kwa leo tushike mbili. Ukiweka jiwe juu ya jiwe, la chini linagandamizwa. Ukifunga ng'ombe kwa kamba naye akajivuta, kamba inavutwa.

Konkriti ni hodari sana ikigandamizwa, na ni dhaifu ikivutwa. Nguvu yake ya kuvutwa ni karibu sehemu moja tu ya kumi ya nguvu yake ya kugandamizwa. Ndiyo maana tunatia nondo. Chuma hushika panapovutwa, konkriti hushika panapogandamizwa. Slabu yenye mzigo hujipinda kidogo: upande wa juu unagandamizwa, upande wa chini unavutwa. Kwa hiyo nondo za katikati ya slabu huwekwa karibu na upande wa chini, zikiwa zimeinuliwa kidogo ili konkriti izifunike. Fundi akizilaza chini kabisa juu ya mbao, au akiziacha juu mahali zilipotakiwa kuwa chini, muulizeni sababu.

KUTENGENEZA MCHEMRABA

Mchemraba ni kisanduku chenye pande sita zilizo sawa. Kwa konkriti, kila upande ni milimita 150, yaani sentimita 15. Unatengenezwa hivi:

1. Chukueni konkriti ileile inayomwagwa, katikati ya kazi. Msichukue ya mwanzo wala ya mwisho ya mchanganyiko. Msichanganye nyingine pembeni.

2. Pakeni mafuta kidogo ndani ya kisanduku cha chuma ili konkriti isigande.

3. Jazeni kwa tabaka tatu. Kila tabaka lishindiliwe kwa mtaimbo mfupi angalau mara 35, mpaka hewa itoke. Halafu sawazisheni juu kwa mwiko.

4. Andikeni tarehe, jina la kikundi, na sehemu ya jengo, kwa mfano "slabu ya tangi" au "nguzo ya pili". Mchemraba usio na jina ni kama mtoto aliyepotea sokoni.

5. Funikeni kwa gunia lenye maji na karatasi ya plastiki, kivulini, mahali pasipotikiswa. Kesho yake fungueni visanduku na kuitumbukiza michemraba ndani ya pipa la maji safi. Ikae humo mpaka siku ya safari.

6. Tengenezeni sita: mitatu ya siku 7, mitatu ya siku 28. Mmoja peke yake unaweza kuwa na kasoro, lakini mitatu ikikubaliana ni ushahidi.

Mchemraba mzuri huwa na uzito wa karibu kilo 8. Hata mizani ya dukani inaweza kuwaambia jambo. Ukiwa chini ya kilo 7 na nusu, huenda una mianya ya hewa ndani, na kama mchemraba una mianya, yaelekea slabu nayo inayo. Wakati wa kusafirisha, ifungeni kwa magunia yenye maji, wala msiirushe kwenye pikapu kama magunia ya viazi.

NDANI YA MAABARA

Wengi wetu hatujaingia maabara, basi hebu tuingie pamoja. Mchemraba hutolewa majini, hupanguswa, hupimwa urefu na uzito. Kisha huwekwa katikati ya mashine, kati ya bamba mbili nene za chuma. Ule upande uliosawazishwa kwa mwiko hauwekwi juu wala chini, bali pembeni. Kwa nini? Kwa sababu mkono wa mtu hausawazishi kama chuma. Pande zilizogusa kisanduku ndizo zilizonyooka, na bamba zinatakiwa kugusa uso wote sawasawa. Kinundu kidogo tu kitachukua mzigo wote, na mchemraba utapasuka kabla ya wakati wake.

Mashine husukuma polepole na kwa mwendo usiobadilika. Hili ni la maana. Mzigo ukiharakishwa, konkriti huonekana ina nguvu kuliko ilivyo. Mashine husukuma, mshale au nambari zinapanda, na mwanzoni huoni kitu. Lakini ndani mambo yameanza. Kuzunguka kila kokoto kuna nyufa ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Mzigo ukifika karibu theluthi moja ya ule wa mwisho, nyufa hizo huanza kusogea. Ukifika kama robo tatu, nyufa hutoka kwenye kokoto, hupita kwenye mchanga na simiti, na kuanza kukutana. Mchemraba unapungua kimo kwa theluthi moja hivi ya milimita, huku ukijaribu kutanuka mbavuni. Husikika mlio kama kuni zinazoshika moto. Kisha nyufa hujitokeza nje, nazo husimama wima, kutoka juu kwenda chini. Pembe humeguka. Nambari husimama, halafu hushuka. Basi, mchemraba umetoa neno lake.

Angalieni jambo la ajabu hapo. Tumeugandamiza, lakini umekufa kwa kutanuka. Mzigo wa juu uliusukuma mwili utoke kando, na kando ndipo palipovutwa, nasi tumesema konkriti haiwezi kuvutwa. Ndiyo maana kwenye nguzo tunafunga ringi za chuma kuzunguka nondo. Ringi huzuia nondo zisijipinde kwenda nje, na huikumbatia konkriti isitanuke. Fundi anayeruka ringi ili aokoe chuma anaifungua nguzo mkanda.

Mchemraba uliovunjika vizuri huacha umbo la piramidi mbili zilizokutana katikati, moja inatazama juu, nyingine chini, kama mtu aliyejifunga kiuno. Sababu ni kwamba bamba za chuma huushika mchemraba juu na chini usitanuke, lakini katikati hakuna kinachoushika, kwa hiyo mbavu nne humwagika. Ukiona umevunjika upande mmoja tu, mtu wa maabara atajua kwamba haukukaa sawa au haukutengenezwa vizuri, na jibu hilo ataliandikia alama.

Angalieni pia vipande. Katika konkriti dhaifu, kokoto hung'oka nzima na kuacha shimo safi, kama jino lililooza. Katika konkriti yenye nguvu, simiti hushika kokoto kwa ukali, na baadhi ya kokoto hukatika zenyewe.

KUSOMA MAJIBU

Jibu la maabara huandikwa kwa nyutoni kwa kila milimita mraba. Msiogope. Nyutoni 10 ni karibu uzito wa kilo moja. Kwa hiyo konkriti ya daraja la 20 ni ile inayobeba kama kilo 2 juu ya kila milimita mraba. Ukucha wa kidole kidogo una karibu milimita mraba 100. Basi juu ya eneo kama la ukucha huo, konkriti hiyo hubeba kilo 200.

Uso wa mchemraba una milimita mraba 22,500. Zidisha kwa 20, unapata nyutoni 450,000, yaani karibu tani 46. Kwa lugha ya Kajiado: hebu fikirini fahali wa kilo 400. Mchemraba mmoja mdogo, mtu anaoweza kuubeba kwa mikono, unatakiwa kubeba uzito wa fahali 115 kabla ya kuvunjika. Mchemraba wa akina mama wetu, kwa jibu la 10, uliweza kubeba 57 tu.

Nambari kama hiyo mnaiona kila siku bila kujua. Mfuko wa simiti ulioandikwa 32.5 au 42.5 unazungumza lugha ileile. Kiwandani huchanganya simiti sehemu moja, mchanga maalumu sehemu tatu, na maji nusu ya uzito wa simiti. Hutengeneza vipande vidogo, huvilaza majini siku 28, kisha huvigandamiza. Simiti ya 32.5 lazima ifikishe nyutoni 32.5 kwa milimita mraba. Lakini hiyo ni nguvu ya simiti katika mikono ya kiwanda. Mkiichanganya nyinyi kwa maji mengi, nambari ya mfuko haitawaokoa.

Mkiona ramani imeandikwa 20/25, msichanganyikiwe. Nambari ya kwanza ni ya kipimo cha silinda, ambacho hutumiwa sana Marekani, na ya pili ni ya mchemraba. Silinda ni ndefu, bamba hazilishiki tumbo lake, kwa hiyo hutoa jibu dogo kwa konkriti ileile.

KWA NINI KONKRITI HUWA DHAIFU?

Maji mengi. Hili ndilo kosa la kwanza mjengoni. Mwaka 1918, mhandisi Duff Abrams aliyefanya kazi Chicago alichapisha matokeo ya majaribio mengi yaliyoonyesha kwamba nguvu ya konkriti hufuata kipimo cha maji kwa simiti. Maji yakizidi, nguvu hushuka. Sababu yake ni rahisi. Simiti huungana na maji ya karibu robo ya uzito wake. Mfuko wa kilo 50 unahitaji kama lita 12 au 13 kwa kazi hiyo. Maji mengine tunaongeza ili tuweze kuchanganya na kushindilia. Hayo ya ziada baadaye huondoka, na kila yalipokaa huacha tundu. Konkriti ya maji mengi ni kama mandazi: imefura, lakini ndani ni mashimo.

Kwa mchanganyiko wa 1:2:4, yaani simiti sehemu moja, mchanga mbili, kokoto nne, tumieni lita 25 hadi 28 kwa mfuko. Usivukwe mtungi mmoja na nusu. Mchanga ukiwa umenyeshewa, punguzeni zaidi, kwa maana mchanga nao umebeba maji.

Kupima kwa macho. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Tengenezeni sanduku la mbao lenye upana wa sentimita 30 kwa 30 na kimo cha sentimita 39. Sanduku mbili za mchanga na nne za kokoto kwa mfuko mmoja. Sepetu ya asubuhi na sepetu ya saa nane mchana hazilingani, mkono umechoka.

Hewa iliyobaki ndani. Kila sehemu moja ya hewa katika sehemu mia hupunguza nguvu kwa karibu asilimia 5 au 6. Konkriti isiyoshindiliwa, yenye mashimo ya asilimia 5, imepoteza zaidi ya robo ya nguvu. Shindilieni kwa chuma, hasa pembeni na kuzunguka nondo.

Mchanga wenye tope. Mchanga wa mtoni huweza kuja na udongo. Jazeni chupa ya kioo nusu kwa mchanga, tieni maji yenye chumvi kijiko kimoja, tikiseni, acheni saa tatu. Tope litalala juu ya mchanga. Likizidi sehemu moja ya kumi ya kimo cha mchanga, uosheni au ukataeni.

Maji ya chumvi. Visima vingi vya tambarare ya Kitengela vina maji ya chumvi. Chumvi hula nondo. Sheria ya wazee wa ujenzi ni hii: maji usiyoweza kunywa, usiyape konkriti yenye chuma.

Simiti iliyozeeka. Simiti iliyokaa ghalani miezi mitatu huweza kupoteza moja ya tano ya nguvu yake. Ikiwa na madonge yasiyovunjika kwa vidole, msiitumie kwa slabu wala nguzo.

Kukaa sana kabla ya kumwagwa. Konkriti iliyochanganywa imwagwe ndani ya saa moja. Ikianza kushika, msiirudishie maji ili "iamke". Haiamki.

Kunyimwa maji baadaye. Hapa kwetu jua na upepo hunyonya maji upesi. Konkriti ambayo haikumwagiliwa huweza kupoteza theluthi moja ya nguvu au zaidi. Ifunikeni kwa magunia yenye maji, asubuhi, mchana na jioni, siku 7 angalau. Ona kinyume kilivyo: siku ya kumwaga tunatia maji mengi isiyoyataka, na siku zinazofuata tunainyima maji inayoyahitaji.

MAMBO AMBAYO MCHEMRABA HAUWEZI KUSEMA

Mchemraba haudanganyi, lakini mtu anaweza kuutumia kudanganya. Nimewahi kusikia mjengoni: "Hii ya kupelekwa Nairobi tuongezee simiti kidogo." Huko ni kama kupeleka mkojo wa jirani hospitalini. Cheti kitakuwa kizuri, na ugonjwa utabaki nyumbani. Kwa hiyo mwanakikundi mmoja awepo na ashuhudie konkriti ikichotwa.

Tena, mchemraba umelala ndani ya pipa la maji, lakini slabu imelala juani. Jibu la maabara linasema konkriti ile ingeweza kufika wapi kama ingetunzwa vizuri. Kuitunza ni kazi yenu.

Vilevile mchemraba haujui kilicho chini ya msingi. Udongo mweusi wa Kitengela hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba ya konkriti nzuri ikikaa juu yake itapasuka vilevile. Chimbeni mpaka murami ngumu au mwamba, au mfuate ushauri wa mhandisi.

Wakenya tumelipa karo kubwa kujifunza haya. Januari 2006 jengo lilianguka Nyamakima, Nairobi, likiwa bado linajengwa. Usiku wa 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la ghorofa lilianguka Huruma na watu zaidi ya 50 wakafa. Kila ajali ina sababu zake, mara nyingi zaidi ya moja. Lakini vifaa duni na kazi mbaya hutajwa tena na tena majengo yanapoanguka katika nchi yetu. Na jengo halichagui kuangukia nani.

AKINA MAMA WALE WALIFANYAJE?

Majibu yalipofika, kulikuwa na kikao kirefu. Wengine walisema tangi lipandishwe tu, Mungu atalishika. Wengine walitaka fundi afukuzwe. Katibu akafungua daftari. Alikuwa ameandika kila mtungi uliomwagwa: mitungi miwili na nusu kwa kila mfuko. Lita 50 za maji kwa kilo 50 za simiti! Hapo kelele zikaisha. Hakuna aliyeiba simiti. Maji ndiyo yaliyoiba nguvu, na sote tulikuwa tumesimama hapo tukipiga makofi.

Mhandisi alisema tangi lisipandishwe. Slabu ikavunjwa. Walipoteza mifuko tisa ya simiti, kokoto, mchanga na siku za kazi. Iliuma. Lakini mama mmoja alisimama akasema, "Mifuko tisa tutainunua tena. Mtoto hanunuliwi." Fundi yuleyule ndiye aliyemwaga mara ya pili, kwa lita 27 kwa mfuko, akishindilia mwenyewe kwa chuma. Zamu ya kumwagilia ikaandikwa ukutani. Baada ya siku 28 mchemraba ulitoa 23, na fundi ndiye aliyeomba nakala ya karatasi ile akaitie kwenye faili lake la kazi.

MFANYE NINI KATIKA KIKUNDI CHENU?

Kabla ya kumwaga nguzo, slabu au mkanda wa jengo lolote litakalobeba watu au maji, mtafuteni mhandisi, mkianzia ofisi ya ujenzi ya kaunti. Muulizeni daraja la konkriti linalotakiwa. Muulizeni pia maabara ya karibu. Ipo maabara ya serikali ya vifaa vya ujenzi Industrial Area, Nairobi, na vyuo vikuu vyenye idara ya uhandisi, kama Chuo Kikuu cha Nairobi, navyo vina mashine. Ulizeni ada mapema na mweka hazina aitie kwenye bajeti, kama vile mnavyotia chakula cha mafundi.

Jibu la siku 7 likiwa baya, msibomoe kwa hasira wala msifunike kwa plasta. Acheni mbao za kushikilia mahali pake, msiongeze mzigo, na mwiteni mhandisi. Anaweza kuipima slabu yenyewe kwa nyundo maalumu, au kukata kipande cha mviringo kutoka ndani yake kikagandamizwe maabara.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika ujenzi wetu wa mwisho, nani aliamua kiasi cha maji? Alipima kwa nini?
2. Kwa nini mchemraba uliogandamizwa hupasuka kwa nyufa za wima?
3. Mchemraba umetoa 12 kwa siku 7, na tunataka 20 kwa siku 28. Tufurahi, tungoje, au tumwite mhandisi?
4. Nani kati yetu atashika daftari la mitungi siku ya kumwaga?
5. Tukiambiwa tuvunje tulichojenga kwa jasho, tutakuwa na moyo wa kuvunja?

Kikundi kitakachopima michemraba yake kituandikie jibu lilikuwaje, hata kama halikuwa zuri. Makosa ya kikundi kimoja yanaweza kuokoa kikundi kingine. Kazi njema.